Usimzuie mtoto kuchora fisi

Leo nataka tuzungumze juu ya jambo lililotokea nyumbani kwangu majuzi. Ni jambo dogo tu la mtoto na penseli, lakini limenikosesha usingizi na kunirudisha nyuma miaka mingi.

Ilikuwa saa moja ya jioni, wakati wa taarifa ya habari. Mwajua mambo yalivyo katika nyumba zetu za mjini. Chumba ni hicho hicho cha kulia, cha kupokelea wageni na cha kufanyia kazi ya shule, na televisheni iko papo hapo. Binti yangu wa miaka saba alikuwa sakafuni na daftari lake. Mara zikaonyeshwa picha za vita: majengo yaliyobomoka, watu wakikimbia, mtoto amebebwa mikononi na kichwa kimefungwa bendeji. Nilinyanyuka haraka nikazima. "Hayo si ya watoto," nikasema. Binti yangu hakujibu kitu. Aliendelea kuchora.

Usiku, nilipokuwa nikikusanya madaftari, ndipo nilipoona alichokuwa akichora. Alikuwa fisi aliyevaa viatu vikubwa, kashika bunduki. Mbele yake kulikuwa na sungura watatu, wawili wakikimbia na mmoja amelala chini. Nilichukua kifutio. Ndiyo, msomaji wangu, nakiri. Nilitaka kuufuta mchoro ule, na asubuhi nimwambie achore maua. Kilichonizuia ni viatu vya yule fisi. Tangu lini fisi akavaa viatu? Mtoto huyu alijua vyema kwamba anayemchora si fisi.

Nikakirudisha kifutio mkobani. Na hapo nikamkumbuka nyanya yangu.

Wengi wenu mnakumbuka mwanzo wa mwaka 2008. Matokeo ya uchaguzi wa urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi iliwaka moto. Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilikuja kuhesabu watu 1,133 waliouawa, mbali na maelfu kwa maelfu waliofukuzwa makwao. Mimi nilikuwa na umri wa miaka 13. Tuliishi katika mtaa mmoja wa Eastlands hapa Nairobi, na mama alikuwa amekwama kazini upande wa pili wa jiji kwa kuwa hapakuwa na matatu iliyothubutu kupita. Tulibaki na nyanya, watoto wanne ndani ya chumba kimoja. Nje tulisikia mbio, filimbi, na mawe yakianguka juu ya mabati. Nyanya alizima koroboi, akatukusanya kitandani, akanong'ona: "Paukwa." Nasi tukaitikia kwa kunong'ona: "Pakawa."

Usiku ule alitusimulia kisa cha zimwi na watoto walioachwa nyumbani. Bila shaka umekisikia kwa namna moja au nyingine. Mama anatoka, anawaonya wanawe wasifungue mlango mpaka waisikie sauti yake. Zimwi linakuja na sauti nene, watoto wanalitambua. Linakwenda kulainisha sauti, kisha linarudi likiita kama mama. Lakini nyanya alikibadilisha kisa. Zimwi lake halikuiga sauti ya mama. Liliiga sauti ya jirani aliyezoea kuja kuazima chumvi. Wahenga husema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nyanya aliitaja methali hiyo, akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Wajukuu wangu, zimwi hili liliwajua watoto wale kwa majina. Na mlango hawakuufungua."

Usiku wa manane mlango wetu ulibishwa. Sauti iliyoita ilikuwa ya kijana tuliyemjua, aliyekuwa akituletea maji kwa mkokoteni. Aliniita kwa jina langu. Ndugu yangu mdogo, aliyekuwa na miaka sita, alinishika mkono akaninong'oneza: "Ni zimwi." Hatukufungua. Kulipokucha tulikuta nyumba mbili za mstari wetu zimevunjwa na wenyewe hawapo. Mpaka leo siwezi kukuambia kama kijana yule alikuja kutudhuru au kutuonya. Ninachojua ni kwamba mtoto wa miaka sita alikuwa ameelewa jambo ambalo hakuna mtu mzima aliyethubutu kumweleza waziwazi.

Kwa muda mrefu nilidhani nyanya alikuwa akitupumbaza tu ili tusisikie ya nje. Nimekuja kutambua baadaye kwamba ya nje ndiyo hasa aliyokuwa akitueleza.

Aliyenisaidia kulitambua hilo ni mchoraji mmoja ambaye sikupata kumwona kwa macho, bibi mmoja kwa jina Paula Rego. Alizaliwa Lisbon, mji mkuu wa Ureno, mwaka 1935, akafariki London mwezi wa Juni mwaka 2022 akiwa na umri wa miaka 87. Ureno si nchi ngeni kwetu. Ni Wareno waliojenga Fort Jesus kule Mombasa kuanzia mwaka 1593, na ni wao waliopigana vita vya kushikilia makoloni huko Angola, Guinea-Bissau na Msumbiji hadi wanajeshi wao wenyewe walipoiangusha serikali yao mwezi wa Aprili mwaka 1974.

Rego alipozaliwa, nchi hiyo ilikuwa mkononi mwa António de Oliveira Salazar, aliyekuwa waziri mkuu tangu 1932 hadi 1968. Kulikuwa na polisi wa siri, magazeti yalikaguliwa kabla ya kuchapishwa, na watu walijifunza kuuma maneno. Kabla Rego hajatimiza miaka miwili, wazazi wake walikwenda Uingereza kwa ajili ya kazi ya baba, naye akaachwa kwa nyanya yake kwa muda. Alikuwa mtoto mwoga sana. Alikua akisikiliza hadithi za kienyeji kutoka kwa wanawake wa ukoo wake, na hadithi za Wareno hazina huruma kama zetu zisivyo na huruma. Mna wachawi, mna wanyama wakali, mna watoto wanaotupwa na wazazi.

Baba yake hakuupenda utawala ule, wala hakuona kuwa Ureno ni mahali pema pa msichana kukulia. Akampeleka Uingereza, na mwaka 1952 Rego akaingia chuo cha sanaa cha Slade, London. Mwaka 1960 alichora picha ya Salazar akiitapika nchi yake mwenyewe, ilhali Salazar yu hai na yu madarakani. Katika miaka ya sabini alipata ufadhili wa wakfu wa Gulbenkian akatafiti hadithi za kale, akiwa mtu mzima mwenye watoto. Alipoulizwa kwa nini anachora, jibu lake lilikuwa kwamba anachora ili kuipa hofu sura.

Tafadhali litafakari jibu hilo. Hofu isiyo na sura iko kila mahali: chini ya kitanda, nyuma ya mlango, katika ukimya wa wazazi mezani. Ikishapata sura, hata iwe mbaya namna gani, mtoto anaweza kuinyoshea kidole. Anaweza kusema, "Ile pale." Na akiisha kusema hivyo, anaweza kuuliza itafanya nini na yeye atafanya nini.

Mwaka 1989 Rego alitengeneza mfululizo wa picha za kuchapa kutokana na nyimbo za watoto za Kiingereza, akianza kwa ajili ya mjukuu wake mdogo. Nyimbo hizo unazijua, maana watoto wetu wanafundishwa katika shule za chekechea mpaka leo. Kuna ule wa panya watatu vipofu wanaokatwa mikia kwa kisu na mke wa mkulima. Sisi wazazi husimama pale siku ya kufunga shule tukipiga makofi, wala hatujiulizi ni nini kinachoimbwa. Rego alijiuliza. Katika picha yake moja, msichana anayetishwa na buibui hatishwi na kadudu kadogo. Buibui ni mkubwa, na ana uso wa binadamu. Mtoto yeyote aliyepata kuogopa mtu mzima ataielewa picha hiyo mara moja.

Lakini picha iliyonigusa kuliko zote ni ile aliyoipa jina "Vita", aliyoichora mwaka 2003. Wakati huo Marekani na Uingereza zilikuwa zimeivamia Iraki. Rego aliona gazetini picha ya msichana mwenye gauni jeupe akikimbia mlipuko huku akipiga mayowe, na nyuma yake mwanamke amesimama na mtoto mchanga kama aliyeganda. Alikuwa bibi wa miaka 68. Alichukua chaki za rangi akachora kwenye karatasi yenye urefu wa sentimita 160, karibu kimo cha mtu, na watu wale akawapa vichwa vya sungura. Mkubwa, amevaa gauni, amembeba mdogo aliyeumia, na damu inaonekana usoni mwa yule mdogo. Picha hiyo imehifadhiwa katika jumba la Tate kule London.

Kwa nini sungura? Mwenyewe alieleza kwamba kuwachora watoto hao kama binadamu kungekuwa kugumu, wala kusingeleta hisia ile ile. Kwake walionekana wa kweli zaidi walipogeuzwa viumbe wengine. Nilishangaa mwanzoni, kisha nikaona anachosema. Picha ya gazetini tunaigeuza haraka. Leo ni ya nchi hii, kesho ni ya nchi ile, na mikono yetu imezoea kufunua ukurasa. Lakini sungura aliyevaa gauni na kumbeba mwanawe anayetoka damu humgeuzi. Unasimama. Unajiuliza huyu ni nani, amefanyaje, na kabla hujajua umekwisha kumtazama mtoto wa vitani kwa muda mrefu kuliko ulivyowahi.

Sisi hapa tunamjua sungura vizuri zaidi. Katika hadithi zetu yeye ndiye mdogo anayewashinda wakubwa kwa akili. Anamdanganya simba, anamfunga fisi, anaruka kichakani akicheka. Ndiyo sababu picha ya Rego inamuumiza Mwafrika wa Mashariki kwa namna yake. Tumezoea kwamba sungura atapata ujanja. Katika "Vita" ujanja umemwishia. Amebaki na mikono ya kumbebea mtoto tu.

Jirani wa Ureno ni Uhispania, na huko nako kuna kisa kinachofanana na hiki, safari hii katika filamu. Guillermo del Toro, mtengenezaji filamu wa Meksiko, alitoa mwaka 2006 filamu ijulikanayo kwa Kiingereza kama Pan's Labyrinth, iliyopata tuzo tatu za Oscar mwaka uliofuata. Nakuonya mapema kwamba si filamu ya watoto hata kidogo, ingawa mhusika wake mkuu ni mtoto. Ni mwaka 1944, miaka mitano baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha. Msichana anayeitwa Ofelia anafika na mama yake mjamzito katika kambi ya jeshi msituni, ambako baba yake wa kambo, kapteni, anawawinda waasi waliosalia. Msichana anakutana na kiumbe wa ngano mwenye pembe, anayempa kazi tatu za kutimiza.

Katika kazi moja anaingia chumba cha zimwi. Limekaa kwenye ncha ya meza iliyojaa vyakula, na macho yake hayako usoni bali huyachomeka katika viganja vya mikono. Kando kuna lundo la viatu vya watoto. Sasa, msomaji wangu, mapema katika filamu hiyo hiyo kapteni naye amekaa kwenye ncha ya meza iliyojaa vyakula, akila na wakubwa wenzake huku wakipanga jinsi ya kupunguza mgao wa chakula cha wanavijiji. Meza ni mbili, lakini ukiziangalia sawasawa ni moja. Na kabla ya hapo, kapteni huyo amewaua baba na mwanawe wakulima waliojitetea kwamba walikuwa wakiwinda sungura tu. Baada ya kuwaua ndipo anapotia mkono katika mkoba wao, akamtoa sungura.

Mwalimu mmoja wa chekechea, rafiki yangu, nilimweleza haya yote naye akanipinga vikali. Alikuwa na hoja mbili, na sitaki kuzificha. Ya kwanza, kwamba watoto wa mjini wana hofu za kuwatosha, na mama anayewasimulia mazimwi usiku anawatafutia jinamizi tu. Ya pili ndiyo iliyonichoma. "Dada yangu," akasema, "fisi hashtakiwi mahakamani. Mkishasema ni zimwi lililochoma nyumba, yule aliyebeba petroli anakwenda nyumbani kulala."

Kuhusu hoja ya kwanza nilimjibu kwamba hofu hailetwi na hadithi. Ilikuwa tayari ndani ya chumba chetu mwaka 2008 kabla nyanya hajafungua kinywa. Mtoto akiachiwa hofu peke yake, ataipa sura mwenyewe gizani, na hakutakuwa na wa kumwuliza. Lakini nakubali kwamba si kila kisa ni cha kila umri, na kisa cha zimwi hakisimuliwi na mtu anayesimama mlangoni akiwa na haraka ya kwenda kuosha vyombo. Nyanya alitusimulia akiwa ametukumbatia.

Hoja ya pili ina ukweli mwingi. Vita havipiganwi na mazimwi. Vinapangwa na watu wenye majina, wenye ofisi na saini. Hadithi ikitumiwa kuwafunika watu hao, basi hadithi imekuwa uongo. Lakini mtazame Rego tena. Mwaka 1987 alichora picha aliyoiita "Binti wa Polisi". Msichana ameketi, ametia mkono mzima ndani ya buti jeusi la baba yake, analing'arisha. Hakuna zimwi, hakuna sungura. Kuna mtoto tu na kiatu, na jina la picha linakuambia kiatu ni cha nani. Mchoraji yule yule aliyewapa watoto wa vitani vichwa vya sungura hakuogopa kumtaja Salazar kwa jina wala kumtaja polisi kwa cheo. Ngano ilimsaidia kuwatazama walioumia. Haikumzuia kuwataja waliowaumiza.

Nadhani hapo ndipo kazi yetu sisi wazazi ilipo. Hadithi ni ya kuanzia. Mtoto akikua kidogo, inafaa arudishwe kwenye hadithi ile ile na kuelezwa ni mwaka gani, ni mtaa gani, ni nini kilichotokea. Mimi nilielezwa nikiwa na miaka 20, nikimwosha nyanya miguu, na ndipo nilipojua kwamba usiku ule naye alikuwa akitetemeka.

Nanyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, msidhani fasihi simulizi ni sura tu ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwulize nyanya au babu yako ni kisa gani alichosimuliwa wakati wa taabu, na kilisimuliwa vipi. Sikiliza mahali anapokibadilisha. Mara nyingi ni hapo ndipo historia ya aila yako ilipojificha.

Kwa wazazi nina ombi moja. Mtoto akichora bunduki, fisi au damu, usikimbilie kifutio kama nilivyotaka kukikimbilia mimi. Usimkaripie, wala usimsifu kupita kiasi. Keti karibu naye umwulize swali lile lile tulilowauliza wakubwa wetu tulipokuwa wadogo: halafu ikawaje?

Mimi niliuliza asubuhi ya pili, tukinywa chai. Nilifungua daftari nikamwonyesha yule sungura aliyelala. Nilitumai ataniambia amejifanya amekufa tu, kama afanyavyo sungura wa hadithi. Binti yangu alimtazama akasema, "Huyu amekufa, Mama. Hawa wawili wanakwenda kumwambia mama yake."

Nikamwuliza, "Na huyu fisi ni nani?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kijinga. "Si ni askari!" akasema. Kisha akauliza kama vita vile vya jana vinaweza kufika kwetu.

Tulichelewa shule siku hiyo, msomaji wangu. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, na pale niliposhindwa nilimwambia nimeshindwa. Mchoro bado uko katika daftari, kati ya hesabu za kujumlisha na orodha ya maneno ya imla. Mwalimu wake ameutia alama ya vyema.

Basi tuonane Jumapili ijayo, tukijaaliwa. Jioni ya leo, ukipata nafasi, zima televisheni mapema kidogo, uwaite watoto karibu na useme: "Paukwa."